Kafi la Kayaki kwa Ubao Mmoja: Kulichonga kwa Mkono, Hatua kwa Hatua

Ubao wa saiprasi wa inchi nne kwa mbili, urefu futi 8, ukikauka vizuri huwa na uzito wa kilo 6 hivi. Ndani yake mna kafi la kayaki la kama kilo moja. Kazi yote nitakayoieleza hapa ni kuziondoa hizo kilo 5 nyingine bila kuidhuru ile moja.

Nimechonga makafi saba kwa njia hii, yote nyuma ya nyumba hapa Kisumu, chini ya mwembe, kwa vifaa ambavyo seremala yeyote wa soko la Kibuye anavyo kibandani mwake. La kwanza lilinivunjikia ziwani. La pili lilijisokota kabla halijaonja maji. Matano yaliyofuata yapo mpaka leo, na mawili kati ya hayo yako ufukweni Dunga kwa vijana wanaotembeza wageni. Nikiwa ufukweni huwa nasimamishwa na watu wanaotaka kujua nimelinunua wapi, nami huwa siwezi kueleza kila kitu nikiwa nimelowa mpaka kiunoni. Basi haya hapa, kwa utulivu.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Kasia hufungwa au hupachikwa kwenye chombo, na mpigaji hukaa akitazama alikotoka. Kafi hushikwa mkononi, halijafungwa popote, na mpigaji anatazama aendako. Kafi la wavuvi wetu lina ubapa mmoja, ile sehemu pana inayosukuma maji, kwa sababu kwenye mtumbwi mpana mtu hukaa ubavuni, na mwenzake yuko upande wa pili. Kwenye kayaki uko peke yako, katikati, matako karibu usawa wa maji, kwa hiyo kafi lina ubapa huku na huku na mpini katikati.

Umbo nitakalofundisha ni la Wainuit wa Greenland: bapa nyembamba na ndefu, upana usiozidi kiganja, zote mbili zikilala upande mmoja bila kupishana. Nchi ile haina misitu ya kupasua mbao. Walitumia magogo yaliyoletwa na bahari, na kila mtu alichonga la kwake kwa vipimo vya mwili wake. Nimelipenda umbo hili kwa sababu mbili za hapa kwetu. Linatoka kwenye ubao mmoja wa kawaida bila kuunganisha kwa gundi, na upepo wa alasiri wa Ziwa Victoria haulipati pa kulishika kama unavyoyashika yale ya plastiki yenye bapa pana kama sahani.

Vipimo vinatoka mwilini mwako

Wahenga wetu wa Pwani walipima kwa pima, dhiraa, shibiri na wanda. Pima ni mikono yote miwili ikinyooshwa, toka ncha ya kidole cha kati cha kushoto hadi ya kulia. Dhiraa ni kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Bila hata kufikiria, Wainuit walifuata hesabu ambayo babu zetu wangeielewa mara moja: urefu wa kafi ni pima moja na dhiraa moja.

Simama mgongo ukiwa umegusa ukuta, unyooshe mikono, na mtu akuwekee alama. Pima yangu ni sentimita 172, dhiraa yangu 46, kwa hiyo kafi langu ni sentimita 218. Dada yangu mdogo ana pima ya 158 na dhiraa ya 42. La kwake ni 200 kamili. Nilimkopesha langu siku moja na akarudi akilalamika bega. Nilipomchongea la kwake, malalamiko yalikwisha.

Mpini ni ile sehemu ya katikati kati ya bapa mbili. Uwe sawa na upana wa mabega yako, kwa watu wengi sentimita 45 hadi 55. Wangu ni 50. Ukitoa 50 kwenye 218 hubaki 168, yaani kila ubapa sentimita 84. Upana wa ubapa unapimwa kwa mkono: fungua kidole gumba na cha shahada kama unayetaka kushika kingo mbili za tofali kwa juu. Pale unapoweza kushika bila kujikaza ndipo upana wako. Wangu ni sentimita 8.8. Dada yangu, 8.

Jambo moja la kuongeza. Vipimo hivi ni vya kayaki nyembamba ya kuingia ndani. Kama yako ni ile pana ya plastiki ya kukalia juu, yenye upana wa sentimita 75 au zaidi, ongeza sentimita 10 hadi 15 kwenye urefu, la sivyo utakuwa ukigonga ubavu wa chombo kila unapochovya. Ubao wa futi 8 una sentimita 244, hivyo nafasi ipo.

Ubao

Hapa tukae kidogo, kwa sababu makafi yangu yote mawili yaliyoharibika yaliharibikia kwenye yadi ya mbao, kabla sijashika msumeno.

Miti tunayoipata kwa urahisi huku ni saiprasi na paini zinazoshuka kutoka nyanda za juu, mgrevilea wa mashambani, na mkaratusi uliojaa kila mahali. Saiprasi ndiyo ninayoipenda: nyepesi, inakubali randa, na harufu yake pekee inakufanya uendelee na kazi. Paini yenye nyuzi za karibu karibu nayo inafaa. Mgrevilea ni mzuri kwa macho na mgumu kiasi, ila nyuzi zake huyumba na randa huzing'oa. Uache mpaka umezoea. Mvule ni mti wa heshima, na mafundi wa mitumbwi wameutegemea miaka mingi, lakini kafi la mvule litakuchosha bega kabla ya saa moja, na miti yenyewe imebaki michache. Mkaratusi usiuguse. Ni mzito, na unapokauka hujipinda na kupasuka. Kafi langu la pili lilikuwa la mkaratusi. Muuzaji aliniapia kwamba umekauka. Nilimaliza kulichonga Jumamosi moja, nikaliegemeza ukutani, na baada ya majuma mawili ubapa mmoja ulikuwa unatazama dari na mwingine unatazama mlango.

Ukifika yadi, usimwambie kijana akuchagulie. Omba ruhusa upangue mwenyewe, na upange tena ulivyokuta. Wakikuona unarudisha mbao vizuri watakuachia siku nyingine. Fanya hivi kwa kila ubao.

Inua ncha moja hadi jichoni, ufumbe jicho la pili, na uangalie kingo kama unayelenga shabaha. Ukiona umeinama kama upinde, kidogo si neno, kwa maana utakata. Ukiona umejisokota, ncha hii ikielekea huku na ile kule, rudisha.

Kisha tafuta macho ya mbao, yale mafundo yaliyokuwa matawi. Katika sentimita 35 kila upande wa katikati ya ubao pasiwe na fundo lolote, hata dogo kama punje ya njugu. Pale ndipo mpini unapoingia kwenye ubapa na ndipo nguvu zote zinapita. Kafi langu la kwanza lilikuwa na fundo la ukubwa wa kifungo cha shati mahali hapo hasa. Nililiona, nikaliona zuri, nikalipigia msasa likang'aa. Lilikatika pale pale, mbali kidogo na Dunga, nikarudi na nusu kafi nikipiga huku na huku kama mvuvi.

Halafu tazama nyuzi zinavyokwenda upande wa ubavuni. Ukiona zinatiririka sambamba na kingo kutoka mwanzo hadi mwisho, huo ni ubao. Zikianzia kingo ya juu na kutokea kingo ya chini baada ya futi mbili tatu, ubao huo utakatika kwa kufuata mstari huo huo.

Mwisho, geuza uangalie kichwa cha ubao pale zinapoonekana pete. Bora kabisa ni pete zinazosimama wima kutoka uso mpana mmoja hadi mwingine; ubao wa namna hiyo hautajikunja kama kigae. Ila ni adimu. Pete zilizolala kiasi zinafaa. Kinachokataliwa ni ubao wenye kiini cha mti, ile nukta ya katikati ya pete, kwa sababu lazima utapasuka hapo.

Siku niliyopata ubao wa kafi langu la tano nilipangua mbao 31. Huo wa 31 niliupata ukiwa umewekewa mguu wa meza uliovunjika juu yake.

Kukausha

Usiamini kiapo cha mtu, amini mizani. Peleka ubao kwa muuza mahindi au kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, upime, uandike uzito na tarehe kwa penseli juu ya ubao wenyewe. Ulaze ndani ya nyumba au chini ya baraza, mahali pa kivuli panapopita hewa, juu ya vipande vitatu vya mbao vya unene sawa ili usikae chini. Kila Jumamosi pima tena. Uzito ukikaa pale pale kwa majuma matatu mfululizo, umekauka kadiri hewa ya hapa inavyoruhusu. Wangu mmoja ulianza na kilo 8.4 na ukatulia kwenye 5.9. Usiuanike juani kuharakisha, utapasuka vichwani. Ukitaka kuzuia nyufa hizo, paka rangi yoyote kuukuu kwenye vichwa viwili siku ya kwanza.

Vifaa

Msumeno wa kupasulia na wa kukatia, randa moja ya kawaida na ndogo moja ya mkono mmoja, patasi ya inchi moja, tupa ya mbao, nyundo, rula ya chuma, skwea, uzi, penseli ngumu. Klempu mbili na benchi au meza isiyotikisika. Jiwe la kunolea, na ulitumie mara nyingi kuliko unavyodhani inahitajika. Randa butu inang'oa. Randa kali inatoa maranda marefu yanayojiviringa, na ukiyasikia yakitoka kwa sauti ya kitambaa kinachochanwa, jua mkono wako uko sawa. Tezo nimeiweka kando kwa sababu siimudu. Mzee mmoja fundi wa mitumbwi alinitolea kafi zima kwa tezo nikimtazama, asubuhi moja, bila rula. Ukiwa na mkono wa namna hiyo, huhitaji mwongozo wangu.

Kuchora

Piga randa nyuso zote nne ziwe nyoofu na pembe ziwe za skwea. Ubao utabaki na upana wa milimita 95 na unene wa 46 hivi. Kata urefu wako kamili. Kile kipande kitakachobaki kitunze. Ndicho utakachojaribia kila hatua kabla ya kuigusa kazi yenyewe.

Vuta uzi toka katikati ya kichwa kimoja hadi cha pili, upige mstari wa kati kwenye uso mpana wa mbele, wa nyuma, na kwenye kingo mbili. Mistari hii minne ndiyo macho yako mpaka mwisho. Inapofutika kwa randa, ichore tena papo hapo, hata kama umechoka.

Kwenye uso mpana, weka alama katikati ya urefu. Kwangu ni sentimita 109 toka kila ncha. Pima sentimita 25 huku na 25 kule. Hapo ndipo mpini unapokoma. Mpini wote una upana wa milimita 38, yaani 19 kila upande wa mstari wa kati. Nenda sasa sentimita 10 kabla ya ncha, uweke upana wa ubapa wako: milimita 44 kila upande. Unganisha alama ya mwisho wa mpini na hii ya karibu na ncha kwa mstari mnyoofu. Ncha yenyewe izungushie kwa kopo lenye kipenyo kinacholingana na upana wa ubapa. Fanya hivyo pande zote mbili za mstari kwa kila ubapa, kisha nyuma, na uhakikishe mbele na nyuma vinalingana.

Mchoro wa ubavuni, yaani wa unene, usiuchore bado, kwa kuwa kingo hizo zitakatwa.

Kukata

Anza na upana. Laza ubao, na kwa msumeno wa kukatia teremsha mikato kutoka kwenye kingo kuelekea mstari, kila sentimita 6, ukikoma milimita 2 kabla ya kuugusa. Sasa vipande vilivyo kati ya mikato viondoe kwa patasi na nyundo. Anzia katikati, kwenye mpini, na kwa kipande cha kwanza piga kidogo tu uone nyuzi zinakimbilia wapi. Zikitoka nje, endelea. Zikichimba kuelekea ndani ya mstari, geuka upige kutoka upande wa pili. Nyuzi hukwambia mapema, ila ni kwa kipande kile cha kwanza tu. Ukipiga kwa nguvu hapo, unakuwa umeshachelewa.

Malizia kwa randa hadi kwenye mstari. Hapa kuna siri ndogo ya mwelekeo inayookoa machozi: kingo za ubapa zipige kutoka ncha kuelekea mpini, kwa sababu ncha ni pana na mpini ni mwembamba, na randa inapaswa kuteremka siku zote. Tutakapofika kwenye nyuso itakuwa kinyume, kutoka mpini kuelekea ncha, kwa kuwa unene ndio unaopungua kwenda huko.

Sasa rudisha mistari ya kati kwenye kingo mpya, na uchore unene. Mpini wote milimita 32, yaani 16 kila upande wa mstari. Kutoka mwisho wa mpini mstari unateremka mnyoofu hadi ncha, ambako ubapa unabaki na milimita 12, yaani 6 kila upande. Funga kwenye jiriwa au klempu, ncha ikiwa juu kwa mteremko, na upasue kwa msumeno kutoka ncha ukienda ndani, milimita 2 nje ya mstari. Kila baada ya sentimita 10 geuza kazi na ukate kutoka kingo ya pili, ili msumeno usipotee ndani usikokuona. Upasuaji huu ni mara nne na ndio utakaokutoa jasho. Wengi hupeleka kwenye karakana yenye msumeno wa umeme na kumaliza kwa dakika chache, na sioni ubaya. Simama tu hapo uwaonyeshe mstari, na useme waziwazi unataka wabakize milimita ngapi.

Ukimaliza utakuwa na kitu kinachofanana na kafi lililochongwa na mtoto kwa boga: pembe kila mahali, lakini umbo limeshaonekana.

Bapa

Kwenye kila kingo ya ubapa chora mistari miwili, milimita 3 juu ya mstari wa kati na 3 chini yake. Ukanda huo wa milimita 6 ndio utakaobaki kuwa ukingo. Mstari wa kati ulio usoni ndio utakuwa mgongo. Kazi yako ni kutoa kila kilicho kati ya mgongo na ukingo, pande nne za kila ubapa.

Tumia randa ya kawaida, kutoka mpini kwenda ncha, ukiwa umeinamisha. Usimalize upande mmoja ukahamia mwingine. Piga mara 20 hapa, geuza, piga 20 kule, hadi pande zote zishuke pamoja. Ukikata ubapa huo kwa mawazo utaona umbo la kashata, pembe nne zilizobanwa. Simama hapo kwanza. Tazama kutoka nchani kama ulivyotazama ubao siku ya kwanza: mgongo uwe mnyoofu, kingo zote mbili ziwe mahali pake. Kosa linaloonekana sasa linaondolewa kwa dakika tano. Likiachwa hadi msasa, haliondoki tena.

Kisha chukua randa ndogo, uvunje ule mgongo taratibu, hadi mkato wa ubapa uwe kama mbegu ya boga: umevimba kidogo katikati, umenyooka kuelekea kingo. Karibu na mpini mgongo uache ukiwa mrefu, kwa kuwa ndio mfupa. Kuelekea ncha, ulaze zaidi. Ukingo usiutoe makali ya kisu. Milimita 4 hadi 5, uliozungushwa, hukata maji vizuri na hauumizi mkono unapoushika kwa kuteleza.

Funga macho. Pitisha kidole gumba na cha shahada toka mpini hadi ncha, pande zote mbili, polepole. Vidole huhisi nundu ambayo jicho halijaiona. Kila nilipohisi kitu nilichora msalaba wa penseli, nikamaliza ubapa mzima, ndipo nikarudi kwenye misalaba kwa randa. Kwenye kafi langu la tatu nilihesabu misalaba 19 upande mmoja.

Mpini

Sasa una mpini wa pembe nne, 38 kwa 32. Kutoka kila pembe pima milimita 9 kwenye kila uso, uchore mstari kwa urefu wote, na uitoe pembe hiyo kwa randa hadi mistari miwili ikutane. Utapata pande nane. Zivunje pembe nane ziwe kumi na sita kwa mkono mwepesi, halafu tupa, halafu kipande cha kioo kilichovunjika, ukikiburuta kwa kukisimamisha kidogo. Vaa glavu ya ngozi. Kioo kikiwa kikali hutoa unga mwororo na kuacha mbao ikiwa laini kuliko tupa inavyoweza.

Usiufanye mpini kuwa duara. Ubaki na umbo la yai refu, upana wake ukielekea upande ule ule wa bapa. Hivyo, hata gizani, mkono utajua ubapa umesimama au umelala bila kuangalia.

Pale mpini unapokutana na ubapa pawe mteremko mpole usio na ngazi. Hapo ndipo vidole vyako vitakaa: gumba na cha shahada kwenye mpini, vilivyobaki kwenye mwanzo wa ubapa. Keti kwenye kiti, shika kafi kama uko majini, zungusha dakika kumi nzima ukiwa unatazama ukuta. Jirani zako watashangaa. Mahali panapokukwaruza patie alama, upalainishe.

Kisha lining'inize kwa uzi katikati kabisa. Upande unaozama ndio mzito. Toa maranda kidogo kwenye uso wa ubapa huo, si kwenye kingo, hadi litulie sawa.

Msasa na mafuta

Msasa wa 80, kisha 120, kisha 180, kwa kufuata nyuzi. Kwenye mpini, kata utepe mrefu na uvute huku na huku kama mng'arisha viatu. Ukimaliza, pangusa kafi lote kwa kitambaa chenye maji na uliache likauke. Litaota vinyweleo. Vipige msasa wa 180 tena. Rudia mara ya pili, maana usipovitoa wewe, ziwa litavitoa siku ya kwanza.

Kwa kupaka natumia mafuta ya linsidi yaliyochemshwa, yanayouzwa kwenye maduka ya rangi. Mafuta ya kupikia hayafai, hayakauki. Mkono wa kwanza changanya nusu kwa nusu na tapentaini ili yazame. Paka, subiri dakika 20, futa yote yaliyobaki juu mpaka kitambaa kitoke kikavu, ulaze siku nzima. Paka mikono minne zaidi bila tapentaini. Vichwa vya bapa vinywe hadi vishibe, kwa sababu maji huingilia hapo.

Vitambaa ulivyotumia usivikunje ukavitupa pembeni. Mafuta haya yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe bila kibiriti. Vitandaze nje kimoja kimoja hadi vikauke kabisa, au uvitumbukize kwenye ndoo ya maji.

Vanishi ukiipenda, ipake kwenye bapa tu. Mpini wenye vanishi huteleza ukilowa na hutia malengelenge.

Majini

Nenda asubuhi. Kwenye ghuba yetu upepo wa ziwani huamka baada ya adhuhuri, na kafi jipya halihitaji mawimbi. Vaa jaketi la kuokoa maisha hata kama unaogelea kama mbuta. Muulize mvuvi yeyote viboko wako wapi leo, na ukae mbali na mafunjo, hasa alfajiri na jioni wanapotoka na kurudi. Na kabla ya kwenda mbali tazama magugumaji yamelala upande gani, maana upepo ukigeuka huja kukufungia njia ya kurudi.

Shika chini, mikono usawa wa tumbo. Usilisimamishe kafi wima kama la plastiki. Ukingo wa juu uinamishe mbele kidogo unapolichovya, lizame lote, kisha uvute huku kiwiliwili kikizunguka. Likizama bila sauti, umefanya sawa. Likitoa mabubujiko, umelisimamisha kupita kiasi au umevuta kabla halijazama.

Ukihisi ubapa unatetemeka kushoto na kulia kama mkia wa samaki, kosa liko kwenye mgongo: hauko katikati, au uso mmoja umevimba kuliko mwingine. Beba penseli mfukoni, uweke alama ukiwa bado majini juu ya ubapa husika, maana ukifika nyumbani bapa zote mbili zitaonekana sawa. Randa ndogo, maranda matatu manne, mafuta, rudi kesho. Langu la nne nilirudi nalo mara sita.

Likikaa sawa, lipatie misumari miwili ukutani, kila mmoja ukibeba kafi pale mpini unapoishia, mahali pa kivuli, likiwa limelala. Usiliegemeze.